Irisi ya Plato: Pale Tundu la Leza Lisipotosha Kuishusha Presha ya Jicho

Kuna wagonjwa ambao daktari wa macho huwatoboa tundu dogo kwenye irisi, ile duara yenye rangi ndani ya jicho, kwa leza ili kuikinga presha ya jicho isipande. Tundu likatoboka vizuri, maji yakapata njia, na bado, baada ya wiki au miezi, presha ikapanda. Mgonjwa hudhani leza haikushika. Hata mhudumu anayempokea mara ya pili huenda akadhani hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba leza ilitimiza kazi yake, ila jicho hilo lilikuwa na tatizo la pili nyuma ya lile la kwanza, na tatizo hilo haliondoki kwa kutoboa tundu. Hali hiyo huitwa irisi ya plato, kutokana na neno la Kiingereza "plateau", yaani uwanda ulioinuka. Haiwapati watu wengi, na huenda ndiyo sababu hupitwa bila kutambuliwa. Lakini mgonjwa ambaye haikutambuliwa kwake anaweza kupoteza sehemu ya uwezo wa kuona ambayo hakuna dawa wala upasuaji utakaoirudisha, na kwa hiyo inastahili kufafanuliwa polepole.

Tuanze na maji ya jicho. Simaanishi machozi, ambayo huosha jicho kwa nje na kuteremkia puani, bali maji yaliyomo ndani ya jicho lenyewe, ambayo mtu hawezi kuyaona wala kuyahisi. Hutengenezwa na kiungo cha siliari, ukanda wa misuli na mishipa ya damu uliozunguka jicho nyuma ya irisi, ambao una vikunjo vidogo vidogo zaidi ya sitini vinavyotoa maji hayo mchana na usiku. Kiasi chake ni kidogo sana, takribani maikrolita 2 hadi 3 kwa dakika. Yakishatoka kwenye vikunjo, maji hupenya kati ya irisi na lenzi iliyo nyuma yake, hupita kwenye mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati, kisha huingia chumba cha mbele, ambacho ni nafasi iliyo kati ya irisi na konea, kioo angavu kinachofunika sehemu ya mbele ya jicho. Humo hulisha konea na lenzi, ambazo hazina mishipa ya damu, na baada ya hapo hayana budi kutoka.

Njia kuu ya kutokea haiko katikati ya jicho, iko ukingoni, mahali irisi inapokutana na konea. Hapo pana pembe inayozunguka jicho zima, na ndani ya pembe hiyo kuna tishu yenye vitundu vingi, ambayo hapa tutaiita kichujio. Kichujio huyapokea maji na kuyapitisha kwenye mfereji wa Schlemm, mfereji mwembamba ulio nyuma yake, ambao huyafikisha kwenye vena na kuyarudisha katika damu. Sehemu ndogo zaidi ya maji hujipenyeza kupitia misuli ya kiungo cha siliari na kutoka kwa njia hiyo ya pili.

Presha ya jicho hutegemea uwiano wa maji yanayotengenezwa na maji yanayotoka. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Haihusiani moja kwa moja na presha ya damu inayopimwa mkononi, na mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Pembe ikizibika taratibu, presha ya jicho huongezeka kidogo kidogo na mwenyewe asitambue. Ikizibika kwa ghafla pande zote, presha inaweza kupita 50 katika muda wa saa chache. Kinachoumia ni neva ya jicho, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja zinazopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi hizo zikifa hazioti tena. Uharibifu huo wa neva ndio glakoma yenyewe, na presha kubwa ni kisababishi chake kikuu tunachoweza kukitibu.

Madaktari hugawa glakoma kulingana na hali ya ile pembe. Katika glakoma ya pembe wazi, njia ya kufikia kichujio haina kizuizi, ila kichujio chenyewe hakipitishi maji ipasavyo. Hii ndiyo inayowapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, na ndiyo inayojaza kliniki za macho hapa Nairobi. Katika glakoma ya pembe iliyofungwa, kichujio huweza kuwa kizima kabisa, lakini irisi imekilalia na maji hayakifikii. Makadirio ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 64 duniani wenye umri wa miaka 40 hadi 80 walikuwa na glakoma, na kati yao takribani milioni 20 walikuwa na aina hii ya pili, robo tatu yao wakiwa Asia. Ingawa ni wachache kuliko wale wa pembe wazi, aina hii hupofusha kwa kiwango kikubwa zaidi ikilinganishwa na idadi ya wagonjwa wake. Nairobi ni jiji la watu wa asili nyingi, wakiwemo wale ambao wazee wao walitoka India na Pakistan vizazi vingi vilivyopita, na Waafrika wenyewe hawajakingwa na ugonjwa huu. Daktari anayeamini kwamba kila glakoma anayokutana nayo Afrika ni ya pembe wazi atajikuta hatazami pembe, na asiyeitazama pembe hawezi kujua iliyofungwa.

Hata ndani ya kundi la pembe iliyofungwa, sababu si moja, na hapa ndipo mambo huanza kuchanganya. Sababu inayojulikana zaidi ni kizuizi cha mboni. Kadiri mtu anavyozeeka lenzi yake hunenepa na kusogea mbele, ikawa inagusana na ukingo wa irisi pale mbonini. Maji yanayotoka nyuma hupata taabu kupita. Yanajikusanya nyuma ya irisi na kuisukuma mbele hadi inavimba, na ile sehemu ya pembezoni ikaenda kukilalia kichujio. Dawa ya hali hii ni ya moja kwa moja: daktari anatoboa tundu dogo karibu na ukingo wa nje wa irisi kwa leza, maji yaliyokwama nyuma yanapita hapo bila kuitegemea mboni, presha ya nyuma na ya mbele zinakuwa sawa, na irisi inarudi nyuma. Shughuli hiyo huchukua dakika chache, mgonjwa akiwa ameketi na kutiwa matone ya ganzi, na huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Imewaokoa watu wengi mno, na hakuna lolote katika makala haya linalopaswa kumfanya mtu aikatae.

Irisi ya plato hufunga pembe kwa namna nyingine. Msafiri anayetoka Nairobi kupitia Limuru kuelekea Naivasha hupita kwenye nyanda zilizoinuka, mashamba yametandazika pande zote, kisha bila kutarajia ardhi hukatika na Bonde la Ufa hufunguka chini yake. Irisi ya plato ina umbo hilo. Sehemu yake ya katikati ni bapa na imetulia, chumba cha mbele kina kina cha kawaida, na anayeitazama kwa mbele haoni dosari. Lakini inapokaribia ukingo huporomoka ghafla kuelekea kwenye mzizi wake, na ule ukingo wa mporomoko ndio unaokaa karibu mno na kichujio.

Kinachoiweka hivyo si maji yaliyokwama. Ni vile vikunjo vya kiungo cha siliari. Katika jicho la kawaida vikunjo hukaa nyuma kidogo, na kati yake na irisi kuna nafasi. Katika jicho lenye irisi ya plato vikunjo vimekaa mbele kuliko inavyotakiwa, nafasi ile haipo au ni finyu sana, na mzizi wa irisi umeegemezwa kwa nyuma na nyama ambayo haisogei. Ukitoboa tundu, maji yatapita, lakini vikunjo vitabaki pale pale. Basi mboni inapopanuka, irisi hujikunja na kurundikana pembezoni, na kwa kuwa haina mahali pa kurudi nyuma, rundo hilo husukumwa mbele na kuziba kichujio. Hiyo ndiyo sababu presha hupanda hata tundu likiwa wazi kabisa.

Ufahamu huu haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1958 mtafiti aitwaye Törnquist alieleza jicho lililofungika pembe likiwa na irisi ya umbo la plato. Mwaka 1977 watafiti wengine, Wand, Grant, Simmons na Hutchinson, walitenganisha mambo mawili ambayo hadi leo wagonjwa huyachanganya: umbo la plato na sindromu ya plato. Umbo ni jinsi irisi ilivyokaa tu, hata kama presha ni ya kawaida na mtu hana shida yoyote. Sindromu ni pale pembe inapofungwa, mara nyingi baada ya mboni kupanuka, ilhali tundu la leza lipo na liko wazi. Watu wengi wenye umbo hilo hawafiki kamwe kwenye sindromu baada ya kutobolewa tundu. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana umbo la plato, hajaambiwa kwamba atapofuka. Ameambiwa kwamba pembe yake inahitaji kuangaliwa tena na tena, na kwamba tundu peke yake halitoshi kumpa hakikisho.

Lakini Törnquist na hao waliomfuata hawakuwa na njia ya kuona nyuma ya irisi ya mtu aliye hai. Rangi ya irisi huzuia mwanga, kwa hiyo darubini haivuki hapo. Walilazimika kukisia kutokana na walichokiona upande wa mbele. Jibu lilikuja pale Charles Pavlin na Stuart Foster huko Toronto walipotengeneza ultrasaundi ya mawimbi ya masafa ya juu sana, takribani megahezi 50, inayoweza kuonyesha sehemu ya mbele ya jicho kwa undani wa sehemu ndogo za milimita. Mwaka 1992, wakishirikiana na Robert Ritch wa New York, walionyesha vikunjo vya siliari vikiwa vimeegemeza mzizi wa irisi. Tangu hapo ugonjwa huu ukawa na sababu inayoonekana kwa macho. Mashine za kisasa zinazopiga picha ya pembe kwa mwanga ni nzuri na hazigusi jicho, lakini zina upungufu ule ule wa zamani kwamba mwanga hauvuki rangi ya irisi, na kwa swali hili mahususi ultrasaundi bado inazishinda.

Nani hupatwa? Kwa kawaida glakoma ya pembe iliyofungwa ni ugonjwa wa wazee, hasa wanawake, na hasa wale ambao macho yao ni mafupi na huvaa miwani ya kuonea karibu tangu ujana. Irisi ya plato huvunja taratibu hiyo. Huwapata wanawake zaidi, lakini wengi wao wako katika miaka ya thelathini, arobaini na hamsini, na si lazima wawe na macho mafupi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, Ritch na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa 67 wasiozidi miaka 40 waliofungika pembe, na zaidi ya nusu walikuwa na irisi ya plato. Umbo lenyewe, bila ugonjwa, si adimu sana miongoni mwa watu wenye pembe nyembamba: huko Singapore, utafiti wa mwaka 2008 uliotumia ultrasaundi uliliona kwa takribani theluthi moja ya watu wa kundi hilo waliokuwa wamekwisha kutobolewa tundu. Pia kuna familia ambamo hali hii hurithiwa, na hilo nitalirudia mwishoni kwa kuwa lina matumizi.

Kuna jambo moja linaloweza kuifananisha hali nyingine na hii. Wakati mwingine kinachoisukuma irisi si vikunjo vilivyokaa mbele bali ni vifuko vya maji vilivyoota nyuma yake. Kwa mbele picha ni ile ile. Ultrasaundi hutofautisha mara moja, na ndiyo sababu daktari anaweza kuitaka hata pale anapokuwa karibu na uhakika.

Sasa tuangalie mazingira ambamo presha hupanda. Mboni hupanuka gizani, wakati wa hofu au mshtuko, na kwa dawa. Mtu aliyekaa saa mbili katika ukumbi wa sinema, au jioni stima imepotea na nyumba nzima iko kwenye mshumaa, anaweza kuhisi jicho linauma kwa ndani, nyusi zinagonga, na taa za magari zikaonekana zimezungukwa na duara za rangi. Akilala, mboni hubana, pembe hufunguka kidogo, na asubuhi maumivu yameisha. Mashambulio madogo kama hayo huja na kuondoka kwa miezi, na kwa kuwa kila moja hujiponya, mtu huyaita kipandauso au uchovu wa kutazama kompyuta na kununua dawa ya kutuliza maumivu. Kila mara irisi inapokilalia kichujio kuna uwezekano wa kushikamana nacho, na palipogandana hapafunguki tena kwa leza wala kwa matone. Mgonjwa anaweza kufika kwa daktari akiwa hajawahi kupata shambulio kubwa hata moja, na nusu ya pembe yake ikawa imekwisha kufungwa daima.

Shambulio kubwa halifichiki, ila hupewa jina lisilo lake. Jicho huwa jekundu na gumu, kuona huwa kama kwenye ukungu, mboni hukaa imepanuka nusu na haibani inapomulikwa, kichwa huuma upande mmoja kwa ukali, na mgonjwa hutapika. Hapo ndipo hatari ilipo. Katika jiji ambalo kuumwa kichwa na kutapika humfanya mtu afikirie kwanza malaria au homa ya matumbo, saa za thamani hupotea kwenye vipimo vya damu huku jicho likiumia. Ninaomba wasomaji walishike hili kuliko yote: kichwa kinachouma pamoja na jicho jekundu lenye ukungu ni dharura ya macho, na mtu anapaswa kufika hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Huko hupewa asetazolamaidi, matone kama timololi, na pengine manitoli kwa mshipa, ili presha ishuke kabla ya leza.

Dawa zinazopanua mboni ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nyingine huuzwa kwenye kemisti bila cheti cha daktari. Klofeniramini inayotumika kwa mafua na mzio, haiosini ya kutuliza msokoto wa tumbo, amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva na kwa kipandauso, ipratropiamu inayovutwa na wenye pumu, zote zina uwezo huo kwa viwango tofauti. Zaidi ya hapo kuna matone ambayo kliniki hutumia kupanua mboni ili kuchunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa mfano kwa wenye kisukari. Simshauri mtu yeyote aache dawa aliyoandikiwa au akatae kuchunguzwa retina, kwani kisukari kisichochunguzwa hupofusha watu wengi kuliko irisi ya plato. Ninachoshauri ni kwamba aliyekwisha kuambiwa ana pembe nyembamba au umbo la plato alitaje hilo kwa kila mhudumu kabla ya dawa kutolewa, na baada ya mboni kupanuliwa presha yake ipimwe tena kabla hajaondoka.

Utambuzi ndio sehemu ninayoiona kuwa na uzito zaidi, kwa sababu hautegemei mashine ya mamilioni. Kipimo kinachohitajika huitwa gonioskopia. Mgonjwa huketi mbele ya darubini ya macho, hutiwa matone ya ganzi, na daktari huweka juu ya jicho lenzi maalumu yenye vioo inayomwezesha kuona pembe, ambayo haiwezi kuonekana moja kwa moja kwa sababu mwanga unaotoka huko hurudishwa ndani na konea. Lenzi hiyo hutoshea kiganjani na hudumu miaka mingi ikitunzwa. Kinachogharimu ni ujuzi, na muda. Chumba kinapaswa kuwa na giza na mwale wa taa uwe mwembamba, kwa maana mwanga mwingi hubana mboni na kuifungua pembe, na daktari akaandika kwamba pembe iko wazi ilhali giza lingeifunga.

Kisha hufuata hatua inayofichua plato. Daktari huibonyeza konea taratibu kwa lenzi hiyo, maji ya chumba cha mbele husukumwa pembezoni na irisi hurudi nyuma. Ikiwa tatizo ni kizuizi cha mboni pekee, irisi yote hulalia nyuma kwa mkunjo mmoja na pembe hufunguka kwa urahisi. Ikiwa ni plato, irisi hulazwa juu ya lenzi ya jicho katikati, huzama kidogo pale lenzi hiyo ya jicho inapoishia, kisha huinuka tena pembezoni kwa kuwa vikunjo vya siliari vinaizuia, na daktari huona vilima viwili badala ya kimoja. Pembe hufunguka kwa shida, na nguvu ya kubonyeza huhitajika zaidi. Dalili hiyo ya vilima viwili haihitaji umeme zaidi ya ule wa darubini, na ikitafutwa kwa makusudi huonekana.

Kwa kuwa kizuizi cha mboni na plato huweza kukaa katika jicho moja, na mara nyingi hukaa pamoja, matibabu huanza na tundu la leza. Mtu asishangae kutobolewa tundu hata pale daktari anapoishuku plato: ni lazima kizuizi cha mboni kiondolewe kwanza ndipo ijulikane kilichobaki. Kosa liko katika kuishia hapo. Wiki chache baada ya tundu, gonioskopia inapaswa kurudiwa gizani. Ikiwa pembe imefunguka, mgonjwa huwekwa kwenye uangalizi. Ikiwa bado irisi inagusa kichujio, na hasa ikiwa presha imepanda au kugandana kumeanza, kuna hatua nyingine.

Hatua hiyo huitwa iridoplastia. Ni leza pia, lakini ya namna nyingine na kwa nia nyingine. Badala ya kutoboa, daktari huichoma irisi kwa upole pembezoni kabisa, kuizunguka duara nzima, kwa madoa yapatayo 20 hadi 24, kila moja likiwa na upana wa nusu milimita na kudumu nusu sekunde. Joto hilo huifanya tishu isinyae, na kusinyaa huko huivuta irisi iondoke kwenye kichujio. Mwaka 2004 Ritch na wenzake walitoa taarifa ya macho 23 yaliyofuatiliwa kwa miaka sita na zaidi. Katika macho 20 kati ya hayo pembe ilibaki wazi kwa matibabu ya mara moja, na yaliyojifunga tena yalifunguliwa kwa kurudia. Idadi ni ndogo, kama inavyotarajiwa kwa ugonjwa adimu, lakini muda wa kufuatilia ni mrefu na matokeo yanatia moyo. Iridoplastia haiwezi kuachanisha palipokwisha kugandana, na ndiyo sababu muda una maana kubwa.

Kuna pia matone ya pilokapini, ambayo hubana mboni, huinyoosha irisi na kuivuta kutoka kwenye pembe. Ni dawa ya zamani, na kwa wengine hufaa kwa kipindi cha kungojea leza au pale leza isipopatikana. Lakini huleta maumivu ya nyusi mwanzoni, hupunguza mwanga usiku, na kwa vijana huvuruga kuona mbali. Mwendesha matatu au mlinzi wa zamu ya usiku ataona ugumu wa kuishi nayo kwa miaka. Katika baadhi ya macho husogeza lenzi mbele na kuongeza kizuizi cha mboni, kwa hiyo haifai kuanzishwa na mtu mwenyewe kwa sababu jirani aliitumia ikamfaa.

Njia ya tatu ni kuondoa lenzi, upasuaji ule ule wa mtoto wa jicho. Lenzi ya asili ni nene, na ya bandia inayowekwa mahali pake ni nyembamba mno, kwa hiyo chumba cha mbele hupanuka na pembe hupata nafasi. Utafiti mkubwa ulioitwa EAGLE, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na wagonjwa 419, ulionyesha kwamba kwa wenye miaka 50 na zaidi waliofungika pembe na wenye presha kubwa au glakoma, kuondoa lenzi mapema kulileta matokeo bora kuliko kuanza na tundu la leza. Utafiti huo haukuwahusu wenye plato pekee, na ni vyema kuukumbuka hivyo. Kwa plato, uchunguzi wa ultrasaundi umeonyesha kwamba vikunjo huendelea kuigusa irisi hata baada ya lenzi kuondolewa, ingawa pembe huwa pana zaidi. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye mtoto wa jicho, upasuaji huu ni uamuzi mzuri. Kwa mwanamke wa miaka 36 ambaye lenzi yake bado ni angavu na bado inajirekebisha kuona karibu na mbali, kuipoteza ni gharama kubwa, na iridoplastia hupaswa kufikiriwa kwanza. Na ikiwa kichujio kimekwisha kuharibika, hubaki matone ya kila siku na upasuaji wa glakoma kama ilivyo kwa wagonjwa wengine.

Kwa anayeishi Nairobi, mlango wa kwanza mara nyingi ni duka la miwani au afisa wa kliniki wa macho, na wote wawili wanaweza kufanya jambo la maana: kupima presha, kumulika tochi kutoka pembeni, na kumtuma mgonjwa mbele wanaposhuku. Kwa uchunguzi wa pembe ni afadhali kufika panapo daktari bingwa wa macho, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, au Hospitali ya Macho ya Lions huko Loresho. Ulizia mapema kama SHA, bima ya afya ya serikali, au bima yako nyingine inalipia leza, kwa sababu wagonjwa huahirisha hatua ya pili kwa kukosa fedha walizotumia kwenye ya kwanza. Ukiwa mbele ya daktari si utovu wa adabu kumwuliza, "Daktari, umeitazama pembe yangu kwa lenzi? Baada ya tundu utaitazama tena lini?" Daktari anayeijua kazi yake hufurahia maswali hayo.

Majibu yaandikwe kwenye kadi au daftari la kliniki kwa maneno kamili, yaani umbo la plato au sindromu ya plato, jicho la kulia au la kushoto au yote mawili, tarehe ya tundu na tarehe ya gonioskopia iliyofuata. Watu huhama mtaa, hubadili hospitali, na faili hubaki nyuma. Na kwa kuwa hali hii hutembea katika baadhi ya familia, dada, kaka na watoto wazima wa mgonjwa wanapaswa kuchunguzwa pembe hata kama wanaona vizuri na hawaumwi, wakimweleza mhudumu tangu mwanzo kwamba hawakuja kupimwa miwani tu.